Chupa ya Motoni

Katika lugha ya pwani neno "motoni" lina maana mbili, na mtu wa kisiwani akilisikia hufikiria kwanza ile ya akhera. Kwa watu wa Mara, kuanzia Bunda hadi Butiama na vijiji vilivyo baina yake, motoni ni mahali pa kawaida kabisa. Ni pale uani ambapo wazee huota moto baada ya ng'ombe kuingia zizini, vijana wakasikiliza, na mambo mazito ya ukoo yakazungumzwa bila haraka. Huko, hata Ziwa Nyanza lenyewe liko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku una ubaridi ambao Mji Mkongwe hauujui. Moto si pambo. Na kwa kuwa mazungumzo marefu hukausha koo, hapo ndipo linapozuka swali linaloonekana dogo: kinywe nini, na nani akilete?

Mzee mmoja wa Unguja, mstaafu wa bandarini na mhudhuriaji wa siku nyingi wa baraza za mashairi, alilipokea swali hilo kwa njia ya karatasi. Mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, alimchagua binti wa Kizanaki wa Butiama. Baada ya mshenga kwenda na kurudi, ukoo wa binti uliandika orodha ya mahari kwa mwandiko mzuri wa kiskuli. Ng'ombe walitajwa kwa idadi, ikaongezwa kwamba fedha zingepokewa badala yao. Likatajwa koti la babu, likatajwa blanketi la bibi. Mstari wa mwisho ulisema: "Kinywaji cha wazee, wiski, chupa mbili."

Ng'ombe hawakumtisha mzee, wala koti. Kilichomkosesha usingizi ni mstari ule wa mwisho. Katika mafundisho aliyolelewa nayo, dhambi ya pombe haiishii kwa mnywaji. Humfika pia mnunuzi, mbebaji na mmiminaji. Kwa hiyo hata ile hila ya kununua bila kuonja haikuwa na mlango. Kijana alipendekeza kwamba mshenga, ambaye ni Mkristo, anunue kwa niaba yao. Baba akajibu kwamba fedha ina mkono ulioitoa, na mkono huo anaujua mwenyewe. Hata hivyo hakusema kwamba hatakwenda. Alipanda boti hadi Dar es Salaam, akapanda basi, na baada ya usiku mzima na sehemu kubwa ya mchana akashuka Bunda.

Bunda ni mji wa njiani. Barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma hupita katikati yake. Magharibi kuna ziwa, mashariki kuna nyika inayoelekea Serengeti. Mshenga, Mjita mwenyeji wa hapo, alimpokea mgeni wake kwa shikamoo na kumbebea mkoba. Njiani kuelekea nyumbani walipita mbele ya duka la vinywaji, naye akamwomba mzee asimame kidogo mlangoni. "Mzee wangu, sikuingizi dukani," alisema. "Nataka tu uone unachokikataa, ili wakikuuliza usikikatae kama mtu asiyekijua."

Mshenga alikijua. Kwa miaka kadhaa alikuwa mpishi katika kambi za watalii za Serengeti, na alijua namna wageni wanavyochagua wiski ya kunywea kando ya moto. Kule juu, alionyesha kwa kidole, ni wiski za Scotland, zinazotengenezwa kwa nafaka na ambazo kwa sheria ya kwao hukaa katika mapipa ya mti wa mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na ukali wake haushuki chini ya asilimia 40. Nyingine hutokana na shayiri iliyokaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa mabwawani, na hunukia moshi kama samaki wa kubanikwa. Hizo, alisema, wajuzi wengine hawazipeleki motoni, kwa sababu pua iliyokwisha kujaa moshi wa kuni haina nafasi ya moshi mwingine. Huchagua iliyo laini na tamu kidogo, wakainywa polepole, maana moto nao hupasha mwili na mnywaji hasikii upesi kiasi alichokunywa. Chini yake ni Konyagi ya Dar es Salaam, yenye ukali wa asilimia 35, ambayo wengi wa Bunda huimudu kuliko ile ya juu. Na chini kabisa palikuwa wazi. Hapo, alisema, zamani vilijaa viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali vilivyopigwa marufuku Machi 2017, baada ya kuonekana kwamba hata mtoto wa skuli aliweza kuvinunua kwa fedha za vitumbua.

Jambo la kwanza la kuchagua, aliendelea, si ladha bali usalama. Chupa inatazamwa kizibo kama hakijaguswa, kisha stempu ya kodi, ambayo tangu 2019 ni ya kielektroniki na huweza kuhakikiwa kwa simu. Watu wa eneo la ziwa wana sababu ya kuogopa. Novemba 2000, jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli, sumu ambayo kwa macho na kwa pua haitofautiki kwa urahisi na pombe yenyewe. Mzee alisikiliza yote, akashukuru. Alikuwa amedhani kwamba wanywaji hawachagui. Kwamba mlevi hunywa tu. Sasa aliona kuwa hata katika jambo aliloharamishiwa watu wana adabu zao na hofu zao.

Kwa mpenzi wa maneno, rafu ile ilikuwa na mengi zaidi. Jina wiski limetoka katika lugha ya Kigaeli ya Scotland, na asili yake ni "maji ya uhai". Waarabu wana araki, na neno hilo asili yake ni jasho, kwa vile kinywaji hudondoka tone kwa tone kama jasho la mfanyakazi. Ndilo linalodhaniwa kuizalia Uganda waragi yake. Alkoholi yenyewe ni al-kuhl, yaani wanja, poda laini ya kupaka machoni, kabla ya wanakemia wa Ulaya kulivuta neno hadi likawa na maana ya kiini cha mvinyo. Na Bunge la Tanzania lilipotunga sheria ya pombe ya kukeneka mwaka 1966, liliiita pombe hiyo "moshi" katika jina lenyewe la sheria. Kitu kimoja, na majina manne: uhai, jasho, wanja, moshi. Anayekinywa na anayekikimbia wote wanaweza kupata hoja humo.

Wala kukeneka si jambo geni visiwani. Maji ya mawaridi yanayomiminwa kutoka katika mrashi siku ya maulidi na siku ya harusi hupatikana kwa njia hiyo hiyo: kitu huchemshwa, mvuke wake hunaswa, ukapozwa, ukarudi kuwa tone. Katika Jabal Akhdar ya Oman, majira ya waridi yanapofika, moto huwashwa chini ya vyungu kwa kazi hiyo. Huko Wawi, Pemba, makonyo ya karafuu hukenekwa yakatoa mafuta. Al-Kindi wa Baghdad aliandika juu ya kukeneka manukato katika karne ya 9. Chombo ni kimoja. Kilichotofautiana ni kile kilichotiwa ndani yake na watu waliokizunguka.

Na hapo pana jambo la kutafakari, kwa sababu katika nchi hii haki ya kuizunguka chupa haikuwa ya watu wote. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway aliwinda Tanganyika kuanzia mwisho wa 1933 hadi mapema 1934, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1935, wiski na moto wa kambi vinakwenda pamoja jioni baada ya jioni. Lakini waliokusanya kuni za moto ule na kuleta chupa ile hawakuwa wenye ruhusa ya kuinywa. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulizuia pombe kali za biashara katika sehemu kubwa ya Afrika, na chini ya utawala wa Waingereza Mwafrika wa kawaida wa Tanganyika alikatazwa pombe kali kwa sheria hadi miaka ya 1950. Ilisemwa kuwa ni kwa ajili ya kumlinda. Julius Nyerere wa Butiama alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, kuanzia 1949 hadi 1952, alikaa katikati ya nchi iliyoipa dunia kinywaji hicho, ilhali nyumbani kwao sheria iliwaona watu wa rangi yake kuwa hawastahili kuaminiwa nacho. Ni rahisi kufahamu kwa nini, hata leo, wazee wa bara wanaoandika "wiski" katika orodha ya mahari hawaandiki ladha. Wanaandika heshima. Kile walichonyimwa babu zao sasa huletwa na mkwe, kwa mikono miwili.

Mzee wa Unguja alilifahamu hilo usiku ule Bunda, na ndipo mzigo wake ulipozidi. Kama ingekuwa ulevi tu, angeukataa kwa moyo mwepesi. Kuikataa heshima ni jambo jingine. Asubuhi alinunua kilo mbili za buni kutoka Tarime, maana kahawa hulimwa mkoani humo humo. Mkobani alikuwa na iliki na tangawizi kavu alizotoka nazo nyumbani, na dele la shaba la marehemu babake lililofungwa katika kanga. Wakaelekea Butiama.

Walifika mchana, wakapelekwa kwanza Mwitongo kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere, aliyezikwa hapo Oktoba 1999, karibu na makaburi ya wazazi wake. Mwitongo kwa Kizanaki ni mahame, mahali palipokaliwa na watu wa kale. Mgeni alisimama kimya kwa muda. Alimkumbuka Mwalimu kama mfasiri wa Shakespeare na kama mtu wa bara aliyeuchukua utenzi wa pwani, wenye mizani 8 kwa mshororo, akautumia kuzitia Injili katika Kiswahili. Bahari ilikuwa imeshafika Butiama zamani, na haikuja katika chupa.

Jioni moto uliwashwa. Wazee walikaa kwa mpangilio wa umri, baba wa binti pembeni mwa mgeni, na mjomba wa binti upande wa pili, akitazamana naye. Pombe ya ulezi ilikuwa tayari, imepikwa na wenyeji wenyewe. Katika jamii kadhaa za mashariki ya ziwa wazee wa zamani walizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mwenyeji akatangulia kuonja ili mgeni ajue kuwa hakuna kilichotiwa ndani. Sasa mirija imekuwa adimu, lakini mwenyeji bado alionja kwanza. Kisha orodha ikasomwa mstari kwa mstari, na ulipofika ule wa mwisho pakawa kimya.

Mzee wa Unguja hakumwachia mshenga kusema. "Wazee wangu," alisema, "mstari huo sikuutimiza, na sikuusahau. Dini yangu hainiruhusu kununua wala kubeba. Sikuja kuwafundisha, nyumba ni yenu na kinywaji ni chenu. Nimeleta kahawa ya Tarime, nitaipika mwenyewe kwa mkono wangu. Na kama mstari huo una thamani yake, thamani hiyo muigeuze kuwa kitu kingine ambacho mikono yangu inaweza kukishika."

Baba wa binti aliitikia kwa kichwa. Mjomba hakuitikia. "Mkwe," alisema, "mimi sina ugomvi na dini ya mtu. Lakini mtu ambaye hanywi na sisi, tutamjuaje? Mtu hufunguka akinywa. Wewe utakaa hapa umefungwa, na binti yetu tumpe nyumba iliyofungwa?"

Swali lilikuwa la haki, na kila aliyekuwapo alijua. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko orodha. Chungu cha pamoja ni kiapo kisichosemwa. Anayeinamisha kichwa chungu kimoja na mwenzake amekubali kufa naye ikiwa kuna sumu. Mgeni alikuwa ameomba akae katika kiapo bila kuinamisha kichwa.

Alikuwa ameshaweka dele kwenye makaa. Hakujibu moja kwa moja. Aliomba ruhusa ya kutoa kisa cha kwao, akapewa. Akawasimulia habari za Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini, ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Alieleza jinsi mfalme wa Pate alivyomwogopa, na jinsi watu walivyotumwa wamuue kwa hila ya urafiki. Wakamwalika katika kikoa cha makoma, kila siku zamu ya mmoja kupanda mti na kuwaangulia wenzake, wote wakala pamoja na kucheka pamoja. Shabaha yao ilikuwa siku ya zamu ya Liyongo: akiwa juu ya mti, mikono imeshika matawi, wamfume kwa mishale. Zamu yake ilipofika Liyongo hakupanda. Alisimama chini, akavuta uta, akayaangusha makoma kwa mishale, na wale waliokula naye siku zote wakaona ajabu na hofu.

"Wale," alimalizia, "walikula naye kila siku, mkwe. Hakuna aliyefungwa miongoni mwao. Walifunguka kweli kweli. Mimi sijui njia ya kunijua ndani ya usiku mmoja, kwa kahawa wala kwa chupa. Najua tu kwamba nimekwambia jambo langu kabla hujaliuliza."

Kijana mmoja aliyekaa nyuma aliuliza Liyongo aliishaje. Hapo mzee akasita. Kwa kuwa mwisho wa Liyongo, kama kila mpenzi wa tenzi ajuavyo, ni kwamba aliuawa na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni, baada ya mfalme kumwahidi kijana yule uwaziri na binti wa kumwoa. Si kisa cha kusimuliwa usiku wa posa na baba wa bwana harusi. Akajibu kwamba mwisho ni mrefu, na una siku yake.

Kahawa ilichemka, ikamiminwa. Vikombe vilikuwa vichache, ikabidi vizunguke. Wazee wawili walikunywa kahawa na pombe ya ulezi kwa zamu, wakasema hazigombani. Mjomba alionja, akasema ni chungu, akaomba sukari, akaonja tena. Hakusema amekubali. Ila moto ulipopungua na wengine kuanza kuaga, alikivuta kigoda chake kutoka ng'ambo ya moto hadi upande wa mgeni, akaanza kumuuliza bei ya karafuu.

Yawezekana msomaji wa kisiwani ataona kwamba mzee alishinda, na msomaji wa Bunda ataona kwamba wazee walimwonea huruma. Lakini jambo lililotokea pale halikuwa la kushinda. Wenyeji hawakuiacha pombe yao, na mgeni hakuuacha mwiko wake. Kilichoamuliwa ni kwamba duara la moto ule lina upana wa kutosha kwa vikombe viwili tofauti, mradi mwenye kikombe kigeni aseme waziwazi kilicho ndani yake. Wanaochagua wiski ya kando ya moto huzungumza sana juu ya miaka ya pipa na harufu ya moshi. Ni mazungumzo mazuri kwa wenye kuyapenda. Hata hivyo, mpishi yule wa kambi aliwahi kusema kwamba usiku mwingi aliokuwa akihudumia watalii aliona chupa bora zikifunguliwa mbele ya watu ambao hawakuwa na la kuambiana, kila mmoja na bilauri yake, wote wakiutazama moto tu. Chupa haimalizi kazi ya kumjua mwenzio. Wakati mwingine haijaianza.

Siku ya pili mzee na mshenga walishuka Musoma, ambako kijana aliyetoka Mwanza alikuwa akiwasubiri. Si desturi bwana harusi kuketi katika kikao cha mahari yake. Walikaa ufukweni hadi giza likaingia. Mwezi haukuwapo, na wavuvi wa dagaa walikuwa wamekwisha kuwasha taa zao ziwani, safu ndefu ya nuru juu ya maji, maana dagaa hufuata mwanga katika usiku wa kiza.

Mzee alitoa orodha mfukoni, akampa mwanawe. Mstari wa mwisho ulikuwa umekatwa kwa kalamu. Juu yake, kwa mwandiko mzito usio wa kiskuli, palikuwa na maneno mapya: "Blanketi la pili la bibi. Na hadithi imaliziwe siku ya harusi."

Kijana alisoma, akacheka. "Hadithi gani hiyo, baba?"

"Ya Liyongo."

Kijana hakuijua vizuri. Alikulia katika simu, si katika baraza. Akaomba asimuliwe hapo hapo, wakati taa za wavuvi zikisogea. Baba yake alinyamaza kidogo, kisha akamwambia kwamba deni ni la Wazanaki, na ataisikia siku hiyo pamoja nao, amekaa mbele, pale atakapoweza kuonwa na kila mtu.